Hatua Hamsini na Mbili kwa Wimbo Mmoja

Nyimbo za mapenzi za siku hizi hazina mwanzo. Nasema hivyo mimi, Terui Setsuko, fundi sauti wa ukumbi wa harusi hapa Yokote, na huu ni mwaka wa thelathini na mbili sijahama kwenye kiti changu. Zamani wimbo ulikuwa na adabu. Kinanda kinapiga hodi, gitaa linaitikia, ndipo mwimbaji anafungua kinywa, na katika muda huo maharusi wamejipanga nyuma ya mlango, mshereheshaji amemaliza maneno yake, nami nimepata nafasi ya kumeza mate. Siku hizi unabonyeza tu, mtu keshaanza kuimba, utadhani anakimbizwa. Vijana wananiambia wimbo ukichelewa kuanza msikilizaji anauruka. Haya. Na dakika tatu haufiki, umekwisha.

Na maneno yake je? Sisi tuliimbiwa nyota na milele. Wa siku hizi anamwimbia mpenzi wake habari ya mchuzi uliolala kwenye sufuria, habari ya miswaki miwili kwenye kikombe kimoja, habari ya mwavuli walioununua mvua ilipowakuta njiani. Neno "nakupenda" lenyewe hulisikii kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini kazi ni kazi. Kila wimbo unaoletwa hapa naukalisha chini kwanza nausikiliza ubeti kwa ubeti, maana harusini kwetu kuna maneno hayatamkwi. Keki haikatwi, huingizwa kisu. Karamu haiishi, tunasema imefunguliwa. Hakuna kuachana, hakuna kurudi, kwa sababu biharusi anayerudi hurudi kwao. Na hakuna kurudia, kwa sababu kinachorudiwa ni ndoa. Nusu ya nyimbo wanazoniletea vijana ni za kuachana, wao wamesikia kiitikio tu wakalia machozi. Inabidi niwaambie, wanangu, huyu bwana katika ubeti wa pili amepanda treni, na hajaonekana tena. Wananikodolea macho.

Mwezi wa saba alikuja Misato na mchumba wake Ryohei. Tulikaa wanne: wao wawili, mimi, na Nemoto, mratibu wa harusi, dada mmoja mwembamba asiyejua kukaa kitini dakika tano. Orodha yao ilikuwa safi, nilifuta wimbo mmoja tu. Uliobaki na kunikwaza ulikuwa "Kamba ya Nguo", wa binti fulani mwenye gitaa, uliotoka mwaka juzi. Binti anaanika nguo. Soksi za mwenzake zimekauka mapema, hazitaki kutolewa kambani, zinangoja zake zikauke. Basi. Dakika mbili na sekunde hamsini na nne za soksi.

Nikauliza hivi huu ni wimbo wa mapenzi au tangazo la sabuni. Misato akacheka sana, akasema amelelewa kwa dobi, na kwamba wimbo huu si wa Ryohei, ni wa bibi yake. Alitaka upigwe katikati ya karamu, anapotoka kwenda kubadili gauni. Kwa desturi yetu biharusi hatoki peke yake. Humchagua mtu mmoja aliyemlea, mtu huyo akamshika mkono akamtoa ukumbini mbele ya wageni wote, na mlango unafunguliwa wimbo unapofika kwenye kiitikio cha mwisho.

Hapo ndipo penye kazi. Bibi Hatsue alikuwa na miaka themanini na sita. Mwezi wa kwanza alipanda ngazi kushusha theluji ya paa, wakati jirani alishamwambia atakuja kuishusha yeye, akaanguka akavunjika nyonga. Sasa alitembelea kigari cha kusukuma mbele yake. Ryohei, kijana wa watu, alipendekeza kiti cha magurudumu kilichopambwa maua, na jibu alilopewa na Bibi alitusimulia mwenyewe huku masikio yamemwiva: maua hayo wamwekee kwenye jeneza, harusini atatembea. Bila kigari, bila fimbo, na kimono chake cheusi cha heshima, mkono wake mmoja umeshika mkono wa mjukuu wake.

Mimi nilikuwa naandika. Nikaona jina la ukoo kwenye fomu, Oyamada, duka la dobi la Oyamada, na kalamu ikanitoka.

Niseme tu, sina sababu ya kuficha. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipiga wimbo kwenye harusi ya Oyamada Yoshimi, binti pekee wa Bibi Hatsue. Enzi zile maharusi walizunguka meza zote wakiwasha mishumaa. Wimbo ukaisha bado wamebaki na meza tatu. Ukumbi ukawa kimya, mimi, msichana wa miaka ishirini na nne, nikairudisha kanda nyuma, nikaupiga tena ule ule. Wazee waligeuka wote kunitazama. Baada ya miaka mitano ndoa ikavunjika. Yoshimi akaenda Sendai, akaolewa tena huko, na mtoto akamwacha dobini kwa mama yake. Mtoto huyo ndiye Misato. Bibi Hatsue na Yoshimi hawakusemezana tena, mwaka wa ishirini na nne sasa. Watu wa Yokote hawakunilaumu mbele yangu. Lakini tangu siku ile sijarudia wimbo katika ukumbi huu, hata mshereheshaji anipigie magoti.

Mwezi wa nane Bibi Hatsue akaja mwenyewe. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ila mdomo ulikuwa ule ule. Alitoa utepe wa kupimia kwenye mkoba, ule wa kupimia nguo za watu, akamshikisha Misato ncha moja, akapima kutoka meza kuu hadi mlangoni, akifuata njia inavyozunguka kati ya meza za wageni. Mita kumi na saba. Akagawa kwa hatua yake, akapata hamsini na mbili. Halafu akataka kujua kiitikio cha mwisho kinaanza lini. Nikamwambia dakika mbili na sekunde kumi na tatu.

"Na wimbo ukinishinda? Ukiisha mimi niko katikati ya ukumbi?"

"Utaingia unaofuata, Bibi."

"Hutaurudia?"

"Mimi sirudii."

Alinitazama usoni, akasema, "Kumbe ni wewe," akageuza kigari chake. 

Kuanzia hapo alifanya mazoezi kila siku kwenye korido ya zahanati, wimbo masikioni. Misato alimletea Nemoto hesabu, Nemoto akaniletea mimi. Wimbo ukifika pa kufunguliwa mlango, Bibi amefika hatua ya thelathini na nane. Wiki iliyofuata, arobaini na moja. Mtaalamu wa mazoezi alimshauri waombe wimbo mrefu kidogo, akaambiwa yeye ashughulike na miguu, nyimbo amwachie mwenye harusi. Katikati ya mwezi wa tisa, arobaini na sita. Na hapo akakwama, wiki tatu nzima, arobaini na sita, haongezeki hata hatua moja. Misato alikuja akanililia. Alisema Bibi haogopi kuanguka, anaogopa kitu kimoja tu, wimbo kuisha kabla hajamfikisha mlangoni. Akasema Bibi anaongea habari hiyo usingizini.

Wimbo wenyewe siwezi kuugusa. Sheria yetu ni diski halisi, hakuna kukata wala kuunganisha, na hata pasingekuwa na sheria nisingemchokoza Bibi kwa hilo. Nilimwonea huruma, na huruma ikizidi humfanya mtu mjinga. Siku moja kabla ya harusi niliwaambia vijana wa ukumbi kwamba taa ya meza kuu imekaa vibaya, waisogeze meza mbele mita mbili. Sikumwambia mtu. Nilienda nyumbani nimeridhika kabisa.

Jambo la Yoshimi bado. Misato alimpelekea mwaliko. Bibi hakusema ndiyo wala hapana, alisema viti ni vyao wenye harusi, wamkalishe wamtakaye. Mtu hakatai wito, na kadi ya majibu ilirudi kutoka Sendai siku ya tatu. Misato aliwaza sana amweke wapi mama yake. Mwishowe akamweka pembeni kabisa, meza ya mwisho upande wa kushoto wa mlango, mbali na Bibi, ili asiwepo mtu wa kulazimishwa kumpitishia mwenzake mchuzi wa soya.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya katikati ya mwezi wa kumi, jua la mchana zuri, milima inaonekana hadi juu. Nilifika asubuhi nikaona keki haiko mahali pake pa siku zote, iko katikati ya ukumbi. Nikadhani ni mambo ya wapiga picha. Nikaona pia meza za wageni zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, njia pana katikati, kama darasani. Nikadhani ni mambo ya Nemoto. Sikushtuka hata kidogo.

Yoshimi aliingia wa mwisho. Mama wa biharusi huvaa kimono cheusi chenye alama za ukoo. Yeye alivaa gauni jeusi la kawaida, la mtu asiye na hakika kama ameitwa kweli. Alikaa kwenye meza yake ya pembeni, mikono magotini, hakugusa supu wala samaki. Bibi Hatsue, kule kwenye meza ya familia, alikula kila kitu na kumwambia mhudumu figili zao za kukaushwa kwa moshi hazikukolea. Hawakutazamana hata mara moja.

Kisu kikaingizwa kwenye keki, watu wakapiga makofi. Nemoto alikuwa ameshamleta Bibi mbele na kigari chake, akamkalisha kwenye kiti karibu na keki. Mshereheshaji akatangaza kwamba biharusi anatoka kubadili gauni, na atakayemtoa ni bibi yake aliyemlea, Oyamada Hatsue. Kigari kikaondolewa. Bibi akasimama. Misato akampa mkono. Mimi nikabonyeza, na yule binti wa soksi akaanza kuimba hapo hapo.

Hatua ya kwanza, ya pili. Nilikuwa nahesabu kwa sauti peke yangu kwenye chumba cha mitambo, juu, nyuma ya kioo. Alitembea vizuri kuliko alivyowahi kutembea zahanatini. Wageni walianza kupiga makofi ya kufuata wimbo, taratibu, na alikuwa ameinua kidevu. Nilipofika hatua ya ishirini nikaangalia saa, nikaangalia ukumbi, nikaona kuna kitu hakiko sawa. Meza kuu ilikuwa imesogezwa na mimi, sawa. Lakini hawakuanzia meza kuu. Walianzia kwenye keki. Na njia ilikuwa imenyooka, haizunguki popote.

Loo. Kumbe sikuwa peke yangu. Baadaye nilisikia yote: keki aliihamisha Ryohei, aliwaomba vijana wa jikoni kwa siri asubuhi na mapema. Meza alizipanga Nemoto, eti wageni wapumue. Kila mmoja aliona huruma yake peke yake, akaficha, akaenda nyumbani ameridhika kama mimi. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Bibi Hatsue alikanyaga hatua ya thelathini, na mbele yake palikuwa na mlango.

Mlango umefungwa. Vijana wawili wameshika vitasa, wananingoja mimi niwape ishara, na kiitikio cha mwisho bado dakika nzima. Bibi na mjukuu wake wamesimama wanatazama mbao. Makofi yakapungua, yakasita. Ningeweza kuwaambia wafungue papo hapo, kidole kilishafika kwenye swichi. Lakini Bibi aligeuka. Aligeuka polepole akatazama ukumbi, keki, meza zilizonyooka, kisha akainua macho hadi kwenye kioo changu, akanitazama mimi. Yeye pia alikuwa anahesabu. Alijua amefanyiwa nini, na alikasirika, niliona hata kutoka juu. Kidole nikakiondoa, nikawaambia vijana wangoje. Nilihisi aibu kubwa.

Kisha akatazama kushoto.

Hakumwachia Misato mkono. Alimvuta tu, akaanza kutembea tena, kuelekea ile meza ya pembeni. Hatua thelathini na moja. Thelathini na mbili. Wageni hawakujua kama hili limepangwa, wengine wakaendelea kupiga makofi, wengine wakaacha. Yoshimi aliwaona wanakuja akainamisha kichwa, akakiinamisha zaidi, mpaka nywele zikagusa kitambaa cha meza. Nemoto alikuwa amechutama karibu na hapo na kipaza sauti chake shingoni, hakukizima, kwa hiyo yote niliyasikia masikioni mwangu. Nilisikia pumzi za Bibi, nzito, na mlio wa kandambili zake za kimono. Hatua ya arobaini na moja akasimama.

"Yoshimi," alisema. "Wimbo bado. Simama."

Yoshimi hakusimama. Alisema jambo kuhusu mguu, mguu wa mama, na sauti ikamkatika.

"Mguu si wako. Shika huku. Mwanao anangoja."

Nilishikilia kingo za meza ya mitambo kwa mikono miwili. Ubeti wa tatu ulikuwa umefika, pale binti anaposema upepo umeinuka na hakuna nguo hata moja iliyoanguka. Yoshimi aliinuka. Alisimama upande wa pili wa mama yake, akamshika mkono chini ya kiwiko, kwa uoga, na wote watatu wakageuka. Hatua arobaini na mbili. Sasa nilikuwa nalia, nilikuwa naona saa kwa shida. Arobaini na tisa, na zimebaki sekunde nane. Hamsini. Misato alikuwa akilia bila kujificha, vipodozi vyote vinashuka. Hamsini na moja. Hamsini na mbili.

"Fungueni," nikasema, na mlango ukafunguka pamoja na kiitikio. Mwanga wa jua wa ukumbi wa nje ukawapiga wote watatu. Waligeuka wakainama kwa wageni, Bibi akainama chini kabisa kuliko wote. Mlango ukafungwa, na wimbo ukaenda hadi mwisho wake wenyewe, wageni wakiwa wamesimama.

Karamu ilifunguliwa saa tisa. Wageni wakapewa zawadi zao mlangoni wakaondoka, maharusi wakaenda kupiga picha bustanini. Nilikuwa naitia diski kwenye mfuko wake nilipoona Bibi Hatsue yuko chini, amekaa karibu na mlango, kigari mbele yake, ananipungia mkono. Nilishuka. 

"Nani aliyenifupishia ukumbi?"

Nikakiri. Mita mbili, nikasema, meza kuu ni mimi. Akataka na wengine, nikawataja, siwezi kubeba msalaba wa watu. Alinuna. Alisema miezi miwili na zaidi mtu mzima anajikokota kwenye korido, halafu watu wazima watatu, wenye akili zao na ajira zao, wanamwibia mita saba. Nilidhani ataniuliza sasa habari ya kanda ya mwaka ule. Ilibidi niitaje mwenyewe, maana nilikuwa nimeibeba kwa miaka mingi mno. Nikamwambia naomba radhi, nilikuwa mtoto, nilishikwa na hofu.

Bibi aligeuza kichwa. Alikuwa akimtazama Yoshimi, ambaye hakuwa ameondoka. Alikuwa anapita meza hadi meza akikusanya vitambaa vya wageni, anavikunja pembe kwa pembe, mshono ndani, na kuvipanga. Hakuna aliyemwomba. Ndivyo wanavyokunja kwa dobi.

"Wewe ulirudia kwa sababu wimbo uliisha," Bibi Hatsue alisema. "Wimbo uliisha kwa sababu walikwama kwenye meza yangu. Na walikwama kwa sababu nilimshika yule pale kwenye mkono wa kimono, sikutaka kumwachia. Watu walidhani nalia kwa furaha. Miaka yote hii nikikasirika naye, nilikuwa nakasirikia mkono wangu huu."

 Niliinama tu. Kumbe alitembea hatua zote zile ili safari hii asimcheleweshe mtu.

Akanyoosha mgongo, akaita, na sauti ikawa ile ya dukani. "Yoshimi. Acha vitambaa vya watu. Treni yako saa ngapi?"

Yoshimi akasema saa kumi na nusu. Alikuwa amekumbatia mafungu mawili ya vitambaa kifuani.

"Iache iende. Leo rudi nyumbani."

Neno lile. Katika ukumbi ule, siku ya harusi. Nilishtuka kwa mazoea, mkono ukaenda mdomoni, kisha nikakumbuka kwamba karamu imeshafunguliwa, na kwamba hakuna biharusi pale, kuna mtoto wa mtu tu. Yoshimi aliweka vitambaa mezani. Vilianguka, na hakuviokota.

"Na wewe," Bibi akanigeukia, "unangoja nini? Panda juu. Urudie ule wimbo."

"Bibi, mimi huwa..."

"Najua huwa. Rudia."

Nilipanda ngazi nikikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na sita. Nikaitoa diski kwenye mfuko, nikaiweka, nikabonyeza. Na yule binti akaanza papo hapo, bila kinanda, bila hodi, soksi zake na upepo wake. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba nyimbo za siku hizi hazina mwanzo, kwa sababu pale chini Yoshimi alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya kigari, na hakuna hata mmoja wetu watatu ambaye angeweza kungoja zaidi.